Kamba ya Komeo

5 Februari

Kwa mke wangu wa kwanza, ambaye hajui kwamba nyumba imeongezeka mtu,

Shikamoo Bibi. Hujambo wewe, magoti hayajambo, jiwe la kufulia halijambo? Mimi mumeo ni mzima kama chuma cha reli, isipokuwa kidole gumba kilichokutana na nyundo juzi, na nyundo ikashinda. Usihofu, ninacho kingine.

Sasa kaa chini. Kama umeshika shuka la wale wanafunzi wako wa bweni, lirudishe kwenye beseni kwanza. Nimepata mtoto.

Usianze kuhesabu miezi kwa vidole. Ni mtoto wa mbwa. Jumamosi fundi mkuu wa gereji yetu alinituma kituo cha kuokolea wanyama, nikachukue gari lao lililobonyea mlango. Kituo kinaendeshwa na mama mmoja mrefu ambaye mchana kutwa yuko ndani ya mabuti ya mpira hata jua likiwaka, kwa hiyo mimi namwita Mama Mabuti, ingawa si mbele yake. Nikiwa nasubiri funguo nikamwona huyu bwana ndani ya boksi, peke yake, sikio limechanika, jicho moja limezungukwa na weusi kama mtu aliyedai chenji kwa ubishi. Walimtoa mtaroni, ndani ya gunia lililofungwa mdomo. Walikuwa watano mle. Wanne walitoka wamekwisha kufa.

Nikamtazama. Akanitazama. Akakojolea kiatu changu. Nikasema huyu ni wa ukoo wetu.

Nimemwita Kiraka. Ila Bibi, siku hizi hata mbwa hachukuliwi bure bure, kuna karatasi. Nimepewa siku tisini, zinaisha tarehe tatu Mei. Siku hiyo Mama Mabuti anakuja kumkagua: aje akiitwa, akae akiambiwa, atembee na mtu bila fujo, asiume. Akishindwa, anarudi kituoni.

"Na akirudi?" nikamuuliza.

Akaniambia vibanda ni ishirini, mbwa ni thelathini na mmoja, na aliyerudishwa kwa kuuma hapewi mtu mwingine. Anapigwa sindano, analala, basi. Alisema hivyo huku akifunga kofia ya kalamu.

Mimi nikacheka. Nikatia sahihi yangu ile ndefu yenye mkia. Mtu aliyeacha shule darasa la sita kwa hiari yake mwenyewe, na ya mwalimu mkuu kidogo, atashindwaje kumfundisha mbwa kukaa? Wewe mwenyewe ulinifundisha mimi kukaa, na nilikuwa mgumu kuliko mbwa.

Sikuombi ushauri, nakupa habari tu. Ila kama neno litakuwasha, dereva wa lori la mbao atapita kwako kama kawaida.

Ni mimi mumeo mdogo,
Mjukuu wako


16 Februari

Kwa mume wangu asiye na ndevu,

Marahaba. Magoti yanakusalimu, yote mawili, kila moja kwa maumivu yake. Sabuni ya mwezi huu ni kali, inanichubua, lakini wanafunzi hawajaacha kuchafua mashuka kwa ajili ya mikono yangu. Kidole chako kifunge kitambaa safi. Safi, nimesema, si kile cha kufutia grisi.

Dereva ananisuta kwa nini sinunui simu nyingine baada ya ile kufia kwenye beseni. Nimemwambia simu ikishasema imesema. Barua naweza kuirudia. Yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nimekuta hujui ulichokitia sahihi.

Umesema huombi ushauri. Ndiyo maana nakupa.

Mbwa mpe neno moja kwa jambo moja, na liwe hilo hilo leo na kesho. Si leo njoo, kesho hebu sogea hapa mheshimiwa. Nakujua, wewe neno moja halikutoshi hata la kuombea maji. Akija, msifu kwa kuja, hata kama amekuja akiwa na nusu ya kiatu chako mdomoni. Ukimpiga siku aliyokuja, umemfundisha asije. Mpe chakula kwa mkono wako mwenyewe, asubuhi na jioni, ajue riziki ina harufu gani. Na usicheke akiuma kwa mchezo. Meno ya maziwa yanachekesha, yale yanayofuata hayachekeshi.

La mwisho. Usimfunge. Mbwa akifungwa akaachwa hana wa kumlilia. Sina haja ya kulieleza, nyumba hii imewahi kuwa na mbwa. Komeo alilala mlangoni pangu miaka saba bila kamba, ndiyo maana nikampa jina la kitu kinachofunga mlango. Mpaka siku ile uliyoniambia ametoroka.

Msalimie huyo Kiraka. Mwambie amepata baba mwenye mdomo.

Mkeo,
Bibi


9 Machi

Kwa malkia wa mapovu,

Shikamoo. Magoti vipi? Waambie nakuja kuyakanda siku yoyote, nikipata nafasi kati ya umaarufu na kazi.

Bibi, mjukuu wako ni mwalimu. Anayebisha aje gereji aone. Kiraka anakaa. Ukimwambia kaa, anakaa, hata kama ni juu ya sahani ya mtu. Haibi tena zaidi ya mara moja kwa siku. Amekula kandambili ya mama mwenye nyumba, ni kweli, lakini moja tu, na mama mwenye nyumba mguu wake wa pili bado una kandambili, sasa sijui kelele zote zile ni za nini.

Lakini sikia jambo kubwa, la kuja akiitwa. Neno lako moja nilijaribu siku nne. Nikimwita kwa jina ananitazama kama karani aliyeona foleni. Basi nikatumia akili. Pale gereji kuna rimu kuukuu la gurudumu limetundikwa kwenye nguzo. Saa saba fundi mkuu analigonga kwa spana, sote tunaacha magari tunakwenda kula. Kiraka aliona hilo siku mbili tu, maana chini ya mafundi wanaokula kuna maganda ya mkate na mifupa ya kutosha. Sasa natembea na kipande cha chuma mfukoni na nyundo ndogo. Gonga, anafika. Awe chini ya lori, awe kwa jirani, awe anakojolea gurudumu la mteja, anafika mbio masikio nyuma, lile zima na lile lililochanika. Nani hakusoma hapo?

Mama Mabuti alipita wiki jana kutazama maendeleo. Ameleta mkanda wa shingo na kamba, anasema siku ya ukaguzi Kiraka atatembezwa kwa hivyo. Nimevitundika msumarini. Nikamwambia kwetu mbwa hafungwi, Bibi yangu amekataza.

Akasema, "Bibi yako hatakuwepo barabarani lori likija."

Nikamjibu lori likimwona Bibi yangu litarudi lilikotoka. Hakucheka. Yule mama nadhani hata meno yake yamevaa mabuti.

Ni mimi mwalimu mkuu,
Mjukuu wako


21 Machi

Kwa mwalimu asiye na cheti,

Marahaba. Mimi ni mzima, nashukuru. Kikohozi kilikuja kikaona nyumba haina raha, kikaondoka.

Barua yako imejaa sifa hadi bahasha ilikuwa inavimba. Mengine nimecheka. La rimu sikucheka. Mbwa anayeitikia chuma ni mbwa wa kila mwenye chuma. Siku fundi wa mtaa wa pili akigonga, utamtafuta Kiraka kwa nani? Rudi kwenye jina. Wewe hukukubali kuitika kwa kijiko na sufuria, ulitaka uitwe. Naye anataka.

Kuhusu kamba, hapo nakusifu. Mwache yule mama na mabuti yake. Kamba ni ya kuanikia nguo. Mtu aliyewahi kuona mbwa mwenye alama ya kamba shingoni, miaka kumi haitoshi kuisahau.

Kandambili ya mama mwenye nyumba irudishe mpya. Zote mbili, mguu haununui peke yake.

Mkeo,
Bibi


19 Aprili

Mume wangu,

Hujambo? Dereva amekuja mara nne mikono mitupu. Anasema ulimwambia una kazi nyingi. Wewe tangu uzaliwe hujawahi kuwa na kazi nyingi, una maneno mengi, na hayo ndiyo sijayapata.

Kama unaumwa, niandikie unaumwa wapi. Kama umefukuzwa kazi, niandikie. Kama ni yule mbwa, niandikie hilo kwanza. Siku tisini zako nazihesabu kwenye kalenda ya wanafunzi. Zimebaki kumi na nne.

Kama ni jambo nililoliandika mimi, liseme.

Bibi


5 Mei

Bibi,

Shikamoo. Natumaini umzima. Sijui kama bado ninaruhusiwa kukuita mke wangu, kwa hiyo kwenye hii nimeacha.

Wamemchukua Kiraka.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe unapenda nguo zianikwe kwa mpangilio. Kwanza hatuna chumba. Mama mwenye nyumba alitutoa mwezi wa nne, baada ya kandambili ya pili. Fundi mkuu akatuacha tulale ndani ya basi bovu lililo nyuma ya gereji, lile lisilo na injini. Mimi kiti cha nyuma, Kiraka kiti cha dereva. Mafundi wakawa wananiita konda. Nilikuwa nacheka nao.

Juzi tarehe tatu, saa nne asubuhi, Mama Mabuti akaja na daftari lake. Nilikuwa nimemwogesha Kiraka kwa ile sabuni ya mafundi yenye mchanga, ananuka dizeli na limau. Kukaa, alikaa. Ikaja kuitwa. Nikamwita jina. Akanitazama. Nikamwita tena, akatazama rimu. Mara ya tatu akaja, Bibi. Kwa jina, bila chuma, kwa sababu hilo nilikuwa nalifanya kila jioni tangu barua yako, na mkate mkononi kama ulivyosema. Mafundi wakapiga makofi. Nikajua tumepita.

Kisha Mama Mabuti akauliza kamba iko wapi.

Yule mtoto alitolewa kwenye gunia lililofungwa. Tangu siku ile hajawahi kuhisi kitu shingoni, kwa sababu mimi sikumvisha hata siku moja. Ile kamba ilikaa msumarini siku zote mpaka ikashika vumbi la msasa. Mama Mabuti alipomvisha na kuvuta kidogo tu, alitoa sauti ambayo sikujua mbwa anayo. Alijirusha, akajigonga kwenye jeki, akajiviringisha, kamba ikamkaba. Mama Mabuti akanyoosha mkono amlegezee. Kiraka akamuuma hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, meno yakakutana.

Mimi nilikuwa hatua mbili. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Nilikuwa na kisu cha kukatia mpira mfukoni. Mikono ikakataa. Nilisimama pale kama nguzo ya rimu, na fundi mkuu ndiye aliyekuja kukata.

Bibi, unajua kwa nini. Nadhani unajua. Ile sentensi yako ya Machi, ya alama shingoni, nimeisoma hadi karatasi imechanika kwenye mkunjo. Mbwa aliyetoroka mtu anaionaje alama yake? Ndiyo maana nilinyamaza. Hapakuwa na kazi yoyote.

Komeo hakutoroka. Nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa ananifuata uwanjani anakimbiza mpira, wenzangu wakawa wananicheka, kwa hiyo nikamfunga kwenye nguzo ya kivuko cha mtaro, kwa fundo la mbuzi, lile linalozidi kukaza ukivuta. Nikasema nusu saa tu. Mvua ikanyesha huko juu, kwetu hata tone. Nilisikia maji yakija. Nilimsikia na yeye. Tulikuwa tunaongoza mbili kwa moja. Kisha nikaacha kumsikia. Nikapita njia ya juu nikaja nyumbani, nikakuambia ametoroka, ukanipa mkate na chai kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Sheria ya kituo ni mbwa aliyeuma asimalize siku mbili. Mama Mabuti, huku anafungwa bendeji, akamwambia kijana wake wa dawa, anayepiga hizo sindano, asubiri. Akasema, "Mkono ni wangu, kwa hiyo ni mimi ninayejua umeumwa kiasi gani." Amenipa siku kumi na nne, mpaka tarehe kumi na saba. Kiraka anakaa kibandani kwake. Mimi naruhusiwa kwenda kila siku nikitoka kazini kumfundisha kamba. Kamba tu. Asipotembea, sindano.

Jana nilikwenda. Nikashika kamba, nikatapika karibu na mabuti yake. Leo nimekwenda, nimekaa nje ya kibanda nikamwita jina, akaja mpaka kwenye wavu, akalala. Kamba sikuigusa. Zimebaki siku kumi na mbili, na mwalimu mkuu hawezi kushika chaki.

Bibi, naomba ushauri. Naomba kweli, kwa mara ya kwanza, weka tarehe.

Mjukuu wako


9 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Mimi sijatoa talaka, kwa hiyo rudisha maneno yako mahali pake.

Dereva nimemshikilia hapa kwa chai, anageuza leo leo, kwa hiyo mwandiko utausamehe.

Nilijua. Nilijua tangu asubuhi iliyofuata. Maji yaliposhuka nilikwenda kumtafuta, nikamkuta kivukoni. Nguzo ilikuwa haijang'oka, wala fundo lako. Nilikata kamba kwa kisu cha mkate. Nilimbeba kwenye shuka la bweni, nikalilipia shuka hilo kwa kusema limechukuliwa na upepo, kwa hiyo siku ile nyumba yetu ilisema uongo mara mbili. Nilimzika nyuma ya jiwe la kufulia. Ulikuwa shuleni.

Sasa sikia langu, maana umesema lako.

Unakumbuka nilikuwa natoka mlangoni kila jioni kumwita? Komeo, Komeo, wiki mbili nzima, mpaka majirani wakanionea huruma. Komeo alikuwa amelala hatua ishirini nyuma yangu na mimi ndiye niliyemfukia. Sikuwa naita mbwa. Nilikuwa nakuita wewe, uje useme. Nilijua uko kitandani umeziba masikio, nikazidisha sauti. Mtoto wa miaka tisa. Nilitaka uje kwa miguu yako mwenyewe, na kila jioni ambayo hukuja nikakasirika zaidi, hadi siku moja nikachoka, nikaacha, na hatukusema tena.

Nilikuandikia kwamba mbwa akija msifu kwa kuja. Mimi nilikuwa naita nikiwa na fimbo nyuma ya mgongo. Nani angekuja?

Na uliponiambia una mbwa, nikakuandikia usimfunge. Ulidhani ni ushauri. Ulikuwa mwiba, nimeuficha ndani ya mkate. Komeo alikuwa na kamba yake na aliizoea, alitembea nayo sokoni nami miaka yote. Hilo la miaka saba bila kamba nililiongeza ili likuchome. Kila mbwa anayeishi na watu anapaswa kuijua kamba. Kamba haikumuua Komeo. Kuachwa ndiko kulikomuua, na hilo wewe hutalifanya tena, nakujua kuliko unavyojijua. Mwiba wangu sasa umemkwama mbwa ambaye hakunikosea kitu. Nisamehe. Hilo nalo liwekee tarehe.

Kwenye mfuko huu kuna kamba. Usiitupe kabla hujamaliza kusoma. Ni ile. Nilipoikata niliirudisha nyumbani nikaifunga kati ya nguzo na dirisha, na kwa miaka yote uliyokaa hapa ndiyo iliyoanika kaptula zako. Ulikuwa unapita chini yake kila siku. Mwanzoni niliiweka ili uione. Baadaye ikawa kamba tu. Hicho ndicho ninachotaka ujue: inawezekana ikawa kamba tu.

Fanya hivi. Leo iweke chini, mpe chakula juu yake. Kesho ifunge kiunoni mwako wewe, mwisho mwingine uburuze chini, utembee kibandani kama mwehu. Atakufuata na kuing'ata, mwache aivute. Aanze yeye kukuongoza. Siku mbili, tatu. Kisha mvishe mkanda bila kamba. Kisha kamba bila kuivuta. Ukiishika, usiizungushe mkononi, ilegee, na jina lake liwe mdomoni mwako muda wote. Mikono ikitetemeka iache itetemeke. Yeye pia anatetemeka, mtakuwa mnafanana.

Dereva amepiga honi. Nenda.

Mkeo,
Bibi


12 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mfuko umefika. Niliukalia ndani ya basi mpaka chai ikapoa ndipo nikaufungua.

Inanuka sabuni yako.

Leo Kiraka ameivuta hadi nikaanguka kifudifudi kwenye maji ya kuoshea vibanda. Mama Mabuti akauliza hapa anafundishwa mbwa au fundi. Nikamwambia yeyote atakayewahi kuelewa. Lakini mkanda bado hataki. Nikimsogezea shingoni anajibana pembeni na kuonyesha meno, na leo yule kijana wa dawa alikuwa anatazama. Nilimwona akihesabu chupa zake. Zimebaki siku tano. Silali, Bibi, na mchana nimepiga msasa mlango mmoja mpaka karibu utoboke.

Sina la kujisifia. Nimetafuta kila mahali.

Mumeo


18 Mei

Kwa mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Magoti hayajambo? Liambie kila moja nimeliulizia.

Mkanda aliukubali siku ya kumi na moja. Ujanja wenyewe usimwambie mtu: niliuvaa mimi kwanza. Nilikaa kibandani saa nzima na mkanda wa mbwa shingoni, nakula mkate, namgawia. Fundi mkuu alikuwa amenifuata kuona kama nimerukwa na akili. Akatazama, akasema kumbe, akaondoka. Baadaye Kiraka akaja kunusa shingo yangu, akanusa, akanusa, akalaza kichwa hapo. Nikauvua nikamvisha. Akasimama kama sanamu. Hakutoa ile sauti.

Jana ndiyo siku yenyewe. Mama Mabuti akasema kutoka lango hadi bombani na kurudi. Ni hatua arobaini, nilikuwa nimezihesabu kila jioni. Akaniuliza natumia kamba gani hiyo kuukuu, mpya ipo. Nikamwambia hii ina uzoefu.

Tukaenda. Nilikuwa nasema Kiraka, Kiraka, Kiraka, hadi mdomo ukakauka. Hatua ya kumi, kumi na tano. Tulipokaribia bomba, kule nyuma ya ukuta mtu akapiga chuma juu ya chuma, mara tatu, kama rimu letu. Nilijua tumekwisha. Ni ule ujinga wangu, Bibi, umetoka mwezi wa tatu umenifuata mpaka pale. Masikio yakasimama, akaruka, kamba ikanyooka, ikamkaza shingo. Akageuka, nikaona ule weupe wa macho, ule wa siku ya jeki. Yule kijana wa dawa akasogea hatua moja.

Mikono ikatetemeka nikaiacha itetemeke. Sikuvuta. Nikamsogelea mimi badala ya kumvuta yeye, kamba ikalegea, nikachuchumaa. Nikamwita mara moja tu. Sijui tulikaa pale muda gani. Chuma kiligongwa tena. Akatazama ukuta, akanitazama mimi. Akaja.

Tukaenda bombani. Tukarudi. Mama Mabuti akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado una bendeji, sahihi yake ni mbaya kuliko yangu na nilimwambia. Akasema nipotee kabla hajabadili mawazo. Hakucheka, lakini buti moja lilisogea.

Lile basi tunalolala tumepewa hadi mwisho wa mwezi, linauzwa chuma chakavu. Chumba sijapata, hakuna anayetaka konda na abiria wake. Kwa hiyo tunakuja. Fundi mkuu amenipa wiki moja, na dereva wa mbao amekubali mbwa akae mbele, mimi juu ya mbao. Tutafika Jumamosi jua likielekea kuzama.

Nitapita kivukoni kwanza. Yeye atakuwa kwenye kamba, mimi nitakuwa nimeshika, na hatutasimama sana. Kisha utanionyesha nyuma ya jiwe la kufulia ni wapi hasa, maana miaka yote ile nilikuwa napakanyaga.

Naomba kitu kimoja. Jumamosi jioni toka mlangoni uite kama zamani. Ita Komeo, nitaelewa. Usizidishe sauti, magoti yako yanataka upole na mimi nitakuwa karibu.

Nitaitika.

Mumeo